Samaki Chui na Mwiko wa Pilau

Kosa halikuwa la samaki, naanza na hilo. Yeye alifanya kila kitu kama alivyoumbwa. Aliyechemsha ni mimi.

Naishi Toronto, na sebuleni nina tangi la matumbawe la lita 300. Januari nilimkuta kwenye duka la samaki wa mapambo jike la samaki chui, Macropharyngodon bipartitus: urefu wa kidole cha kati, mwili wa rangi ya chungwa uliotapakaa madoa meupe, tumboni mabaka meusi. Muuzaji akasema katoka Kenya, kashuka kwenye ndege jana. Mtu wa kwetu! Nikatoa dola 90 wala sikuomba kupunguziwa.

Nilipompigia mama, aliye Kilifi, aliuliza swali moja tu: "Dola 90, na hajakaangwa?"

Samaki huyu hafai tangi jipya. Baharini hushinda akidonoa foraminifera, viumbe wa seli moja wenye magamba, na konokono wadogo kama punje ya mchanga, kisha huwasaga kwa meno makubwa yaliyo kooni. Jina lake la kisayansi ndilo linalosema hivyo. Kwa hiyo anataka mawe yaliyokomaa, yaliyojaa vidudu. Tangi langu lilikuwa na miezi 14, na usiku ukimulika kioo unaona kopepodi, vidudu vya majini, wanatambaa kama vumbi lenye miguu. Hapo nilikuwa sawa. Mchanga pia ulikuwa sawa: laini, punje za nusu milimita hadi milimita moja, kina sentimita saba. Jua likitua hujizamisha mzimamzima na kulala humo, na ukimwekea changarawe atajichubua kila usiku.

Karantini niliiruka. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, maana hawa huja na minyoo ya tumboni, na dawa ya prazikwanteli ni rahisi kuitumia kwenye tangi dogo lenye bakuli la mchanga kuliko kumfukuza samaki katikati ya mawe. Lakini mgeni wangu katoka mbali, nikaona aibu kumlaza kwenye ndoo. Nilimkagua mdomo kwa tochi, kwa sababu wengi hufika umevimba: usiku ukiingia wakiwa safarini hutafuta mchanga, wakachimba plastiki ya mfuko mpaka wakajiumiza, na mwenye mdomo mbovu hawezi kula. Wake ulikuwa mzima. Nyuma ya kichwa nyama imejaa, tumbo halijabonyea. Nikamzoesha maji kwa matone dakika 45, nikamwachia.

Nilimwona kwa sekunde nne hivi. Aliinamisha kichwa, akajitikisa, mchanga ukamfunika. Kwisha habari.

Siku ya kwanza, hakuna samaki. Ya pili, hakuna. Taa za tangi langu huwaka saa tano asubuhi na kuzimika saa tatu usiku, na saa zote hizo nilikuwa nikipita mbele ya kioo kama mlinzi wa benki. Siku ya tatu mke wangu akasema, "Pole, huyo kashatangulia." Nikapima amonia, ambayo hupanda samaki akioza: sifuri. Nikapima tena.

Kanuni naijua, na wenzangu nimewahi kuwaambia, tena kwa ukali: samaki chui mgeni akijifukia, mwache. Anaweza kukaa chini siku kadhaa, hata wiki mbili. Usichimbe. Basi Jumamosi saa nane mchana nikaenda jikoni nikachukua mwiko wa pilau.

Mpini ulikuwa mrefu, wavu wa juu ukawa unanizuia, nikautoa. Hilo ni kosa la pili, na ndilo kubwa. Samaki wa jamii hii wakishtuka huruka, na tundu dogo tu linawatosha. Ndiyo maana wavu wake una macho ya milimita sita na hufunika mpaka pembeni panapopita waya. Mimi wavu nimeuegemeza ukutani.

Nikaanza kukoroga taratibu, kutoka kona ya kushoto. Mara maji yakawa tui zito. Ikafuata harufu ya yai viza: chini ya mchanga palikuwa na sehemu zisizofikiwa na oksijeni, gesi ya salfa imejikusanya, na mimi nimeifungulia mlango. Matumbawe yakajikunja. Nikiwa nimeinama hivyo, pua karibu na maji, kitu cha rangi ya chungwa kikapita sikioni kwangu.

Plap.

Nikatazama sakafuni. Hayupo. Nyuma ya kochi, hayupo. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, kidole kimeelekea miguuni pangu. "Ndara."

Nilikuwa nimezivua ili nipande kwenye kigoda. Samaki wa dola 90 alikuwa amelala ndani ya ndara ya kushoto, ametulia kama anapimwa saizi. Nikalowesha mikono kwanza, kwa sababu mkono mkavu humbandua ute unaomkinga na maradhi, kisha nikamrudisha, maji yakimwagikia soksi. Alipogusa maji hakugeuka hata kunitazama. Kichwa chini, tikisa, kwisha.

Mchana wote uliobaki nilikuwa fundi bomba: soksi mpya ya kichujio, mkaa wa kuchuja gramu 150, pampu ya hewa, kisha nikabadilisha lita 60 za maji yaliyochanganywa chumvi hadi kipimo cha uzito 1.025 na kupashwa hadi nyuzi 25. Jikoni nilipewa taarifa kwamba ule mwiko haurudi.

Jumatatu saa nne na nusu usiku mama akapiga kwa video. Kwake kumekucha, jogoo wanasikika. Taa ya tangi imeshazimika, inawaka ya sebule tu. Nikawa namsimulia msiba wangu, nimekaa nimelipa tangi mgongo.

"Sasa huyo wa madoadoa nyuma yako ni nani?"

Nikageuka. Alikuwa anazunguka mawe, jicho moja moja likigeuka, anadonoa kama kuku uani.

"Baba," mama akasema, "huyo si amefuata saa za huku? Hapa ndiyo asubuhi."

Miaka yangu yote ya kufuga, na hesabu hiyo nimefanyiwa na mtu aliyeshika ufagio. Toronto wakati wa baridi iko nyuma ya Kilifi kwa saa nane. Alfajiri yake ilikuwa saa nne usiku kwangu. Magharibi yake ilikuwa kama saa tano kasorobo asubuhi, robo saa kabla taa zangu hazijawaka. Kila nilipokuwa namtafuta, yeye alikuwa usingizini, na mimi nikaenda kumwamsha saa nne za usiku wake kwa mwiko.

Kuanzia hapo nikamlisha kwa saa zake, maana samaki huyu hawezi kukaa na njaa: atemia hai, yaani vijikamba vya maji ya chumvi, kwa bomba la sindano, kidogo kidogo, saa nne usiku, saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri kabla ya kazi. Baada ya siku tano nikamchanganyia misisi, jamii nyingine ya vijikamba, wa kugandishwa, waliokatwakatwa. Akakubali. Kila siku alichelewa kidogo kuamka, na mwisho wa wiki ya pili alikuwa anatoka mchanga saa tano asubuhi pamoja na taa.

Mimi ndiye niliyebaki na saa za Kilifi. Wavu sasa umebanwa kwa vibanio vinne, na ndara nazivulia chumbani.