Kizuri chajiuza au biashara matangazo?

Misemo miwili inagombania kila duka dogo hapa Tanga. Mmoja tumeurithi kwa wazee: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wa pili tunausikia kila kukicha: biashara matangazo. Kijana wa Makorora aliyefungua kibanda juzi akienda kwenye semina ya ujasiriamali, atarudi na huu wa pili. Ataambiwa afungue akaunti, apige picha, aposti kila siku, alipie tangazo lisambae. Akifika nyumbani, mama yake atampa ule wa kwanza: wewe pika vizuri tu mwanangu, watu watakuja wenyewe.

Nimewasikiliza mama na mwalimu wa semina kwa muda mrefu. Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja ana biashara yake kichwani na hamwambii mwenzake ni ipi. Swali ambalo hakuna anayeliuliza ni hili: mteja huyuhuyu atarudi kununua baada ya muda gani?

Tumtazame mama anayesukuma chapati alfajiri kwenye kona ya mtaa Ngamiani. Wateja wake wanatoka barabara mbili tatu za jirani, wanakuja kwa miguu au kwa baiskeli, na wanarudi kesho asubuhi. Tangazo lake ni harufu ya mafuta na kule kutokosekana kwake. Asipoonekana siku mbili, watu wamezoea kwa mwingine. Sasa mama huyu akilipia tangazo la mtandaoni kwa shilingi 20,000, litaonekana Pongwe na Raskazone kwa watu ambao hawawezi kupanda bajaji kufuata chapati ya shilingi 500. Hiyo fedha ingenunua unga. Hata daftari lake la madeni linamfanyia kazi kuliko bango, maana aliyekopeshwa tarehe 20 hasahau mlango aliokopeshwa mshahara ukitoka.

Wanaosimama na kizuri chajiuza wana hoja nyingine nzito kuliko hii ya gharama, nayo ni hatari ya kuitwa kabla hujawa tayari. Muuza vitafunwa mwenye jiko moja, aliyezoea oda za sahani 15, akitangaza sana wiki ya vunja jungu anaweza kupata oda za sahani 60. Atachelewesha, bajia zitatoka na mafuta, na habari hiyo itazungumzwa shughulini na msibani kabla hajaosha masufuria. Tanga ni jiji tangu 2005, lakini kwa habari za chakula kibaya bado ni kijiji. Mteja aliyeletwa na tangazo akaondoka na kinyongo ni hasara mara mbili: umelipia kumleta, na sasa anakutangaza yeye, bure, kwa maneno yake.

Hata hivyo mama wa yule kijana anahesabu Tanga ya zamani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 273,332 katika jiji hili, na ya 2022 ikakuta wamekaribia 393,000. Mitaa imetanuka. Kuna waliokuja kwa kazi za bandari, na kuna walioletwa na bomba la mafuta ghafi, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani. Sifa ya mdomo inapita kwa ndugu, majirani na waumini wa msikiti mmoja. Mgeni aliyepanga chumba mwezi uliopita hana shangazi wa kumuuliza fundi jokofu mzuri ni nani. Anaiuliza simu yake. Kama hupo humo, kwake yeye hupo mjini.

Tena zipo kazi ambazo sifa peke yake haizilishi hata kama mji ungebaki mdogo. Mpambaji wa harusi akifanya kazi ya kupigiwa vigelegele, bibi harusi yule harudi mwezi ujao. Fundi samani, mshonaji wa suti, mwenye nyumba ya wageni, wote hawa wanaishi kwa watu wapya. Tanga yenyewe inaitwa mji wa waja leo waondoka leo, na mwenye gesti anajua maana yake kwenye kitabu chake cha wageni. Kumwambia mtu wa namna hii asubiri kizuri kijiuze ni kumwambia afunge. Kwake mwalimu wa semina ana haki kabisa.

Ila mwalimu huyo huyo anaposema “tangaza”, mara nyingi hasemi chochote kuhusu kupima. Chukua mtengeneza keki anayebakiwa na faida ya shilingi 8,000 kwa keki. Akilipia tangazo la shilingi 40,000, anahitaji keki tano mpya ili arudi tu pale alipokuwa. Je, zilikuja tano? Wengi hawajui, kwa sababu hawaulizi. Swali la maneno mawili kwa kila mteja mpya, “umenijuaje mwenzangu?”, na jibu likaandikwa daftarini kwa miezi mitatu, litamwambia zaidi ya idadi ya waliobofya moyo kwenye picha. Waliopenda picha wakiwa Mwanza hawanunui keki Chumbageni.

Liko jambo moja linaloniudhi kwa dhati: “bei njoo inboksi”. Wauzaji wa madera na vijora wana sababu zao. Wanasema ukiandika bei, jirani ataweka pungufu ya elfu moja jioni hiyohiyo, na kwamba mteja akija kuuliza wanapata nafasi ya kuzungumza naye, na mazungumzo ndiyo biashara ya pwani. Nawaelewa. Lakini nimekaa na wanunuzi pia. Mama anayeona bei imefichwa anadhani ni ghali, au anadhani bei inapangwa kwa kuangalia picha yake, na anaona haya kuuliza kisha kusema hana. Anapita kimya. Muuzaji hamwoni mteja aliyepita kimya, kwa hiyo anaamini mbinu yake inafanya kazi. Kuandika “kuanzia 18,000” kunaacha nafasi ya kupatana bila kumfukuza mtu mlangoni.

Upande wa picha, naomba tuwe makini sana hapa kwetu. Mpambaji wa maharusi hana ushahidi mwingine wa kazi yake isipokuwa uso aliourembesha, na hilo si dogo kwake. Lakini bibi harusi aliyejifunua mbele ya wanawake wenzake hakukubali kuonekana na jiji zima. Ndoa zinaanza kwa ugomvi kwa ajili ya picha moja. Kisheria pia mambo yamebadilika: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na picha ya mtu ni taarifa yake. Ruhusa ombeni kwa maandishi, hata ujumbe wa simu. Asipokubali, kuna mikono yenye piko na hina, kuna gauni, kuna jukwaa lililopambwa. Kazi nzuri inaonekana hata bila uso.

Gari la spika lina faida siku ya ufunguzi, baada ya hapo ni kelele. Bango linataka kibali na ada ya halmashauri, liingize kwenye hesabu kabla ya kulichora. Kuweka mahali pa biashara kwenye ramani ya Google ni bure, na kwa fundi au gesti ningeanza hapo.

WhatsApp ndiyo inayotumika zaidi na inayoeleweka kidogo zaidi. Stetasi inafutika baada ya saa 24, na anayeiona ni yule tu aliyehifadhi namba yako nawe ukahifadhi yake. Orodha ya kutuma kwa pamoja inachukua watu 256, na ujumbe hauwafikii wasiokuwa na namba yako simuni. Maana yake ni kwamba kazi ngumu inafanyika nje ya simu, pale kaunta: kumfanya mteja aliyeridhika aihifadhi namba yako kabla hajaondoka.

Nenda stendi ya Kange asubuhi utaona kazi hiyo isivyofanyika. Abiria wa Dar es Salaam ananunua iliki na mdalasini wa Amani, mali safi, harufu inajaza basi. Mfuko ni wa nailoni, umefungwa fundo, hauna jina wala namba. Wiki mbili baadaye pilau imesifiwa, iliki imekwisha, na abiria yule anataka nyingine. Anaugeuza mfuko huku na huku, kisha anakwenda kununua Kariakoo.