Maumivu ya mgongo: picha kwanza, au mikono ya daktari kwanza?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba kufikia mwaka 2050 watakuwa milioni 843. Hakuna tatizo jingine la kiafya linalowapunguzia watu wengi kiasi hicho uwezo wa kufanya shughuli zao. Hata hivyo, kuhusu hatua ya kwanza ya kumsaidia mgonjwa, wapo wanaosema apigwe mapema picha ya ndani ya mwili kwa mashine ya MRI ili chanzo kijulikane, na wapo wanaosema picha ya mapema humletea madhara zaidi ya faida. Pande zote mbili zina hoja nzito, na kwa mazingira ya Afrika Mashariki ninaona kila upande una jambo unalolipita haraka mno.

Wanaopinga picha za mapema huanzia kwenye chanzo chenyewe. Kwa takriban wagonjwa tisa kati ya kumi, hakuna sehemu moja inayoweza kunyooshewa kidole kwa uhakika: maumivu yanaweza kutoka kwenye misuli, kano, viungo vidogo vinavyounganisha pingili, au diski (vipande laini vilivyo kati ya pingili), na vipimo haviwezi kuvitenganisha. Maumivu hayo ni ya kweli kabisa, na mengi hupungua sana ndani ya wiki sita, mgonjwa awe amepimwa au hajapimwa. (Kwa wengi wetu kiuno kikiuma anayeshukiwa kwanza ni figo, na dawa za UTI hununuliwa hata kabla ya mkojo kupimwa. Maumivu ya figo kwa kawaida hukaa juu zaidi, chini ya mbavu na upande mmoja, hayabadiliki sana mtu akiinama au kugeuka, na mara nyingi huandamana na homa au mabadiliko ya mkojo.)

Hoja yao ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya matokeo ya picha za watu 3,110 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo, ukakuta dalili za kuchakaa kwa diski kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, asilimia 80 ya wenye miaka 50, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa hiyo, mama wa miaka 50 akipigwa MRI, karatasi ya majibu ina uwezekano mkubwa wa kuandika kwamba diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno imekauka na kufura kidogo, kama ambavyo ingeandika kwa jirani yake asiyeumwa. Tofauti ni kwamba yeye ataambiwa pingili zimesagika, ataacha kuinama, ataacha kuchota maji, atanunua mkanda wa kiuno, na baada ya miezi michache misuli ya mgongo itakuwa imelegea kiasi kwamba maumivu yatakuwa makali kuliko siku alipokwenda hospitali.

Upande wa pili hauna hoja dhaifu, hasa huku kwetu. Miongozo inayosema mgonjwa asubiri wiki kadhaa kabla ya picha iliandikwa kwa sehemu kubwa katika nchi ambako mtu ana daktari wake wa kudumu na kurudi kliniki ni suala la kupanda basi la mjini. Mkulima aliyeuza debe la mahindi apate nauli ya kufika hospitali ya rufaa hataweza kurudi baada ya wiki sita kwa wepesi huo. Tena magonjwa yetu si yaleyale. Kifua kikuu kikiingia kwenye mifupa hupenda uti wa mgongo kuliko mfupa mwingine wowote. Daktari Mwingereza Percivall Pott alikieleza mwaka 1779, na hadi leo kinatibiwa katika hospitali zetu. Huanza polepole, mara nyingi bila kikohozi, na kibyongo kinapoonekana pingili imekwisha kuporomoka. Wafugaji wanaokunywa maziwa mabichi wanaweza kupata brusela inayoshambulia mgongo, na kwa mzee wa kiume saratani ya tezi dume inaweza kujitambulisha kwanza kama maumivu ya kiuno. Kumwambia mgonjwa wa namna hiyo kwamba wengi hupata nafuu ndani ya wiki sita ni kumhesabu mahali asipostahili.

Lakini kutoka hapo kwenda kwenye MRI ya kila mtu ni kuruka daraja zima. Kinachowatenganisha wagonjwa hawa na wengine ni uchunguzi ambao hauhitaji umeme: daktari aulize kuhusu homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, saratani ya zamani, kuanguka, na maumivu yasiyotulia hata mtu akilala, agonge pingili moja moja kwa ngumi laini, amnyanyue mgonjwa mguu ulionyooka akiwa amelala chali aone kama maumivu yanashuka hadi chini ya goti, amtembeze kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Aulize pia, bila aibu, kama sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli zimekufa ganzi, na kama haja ndogo imegoma au inatoka yenyewe. Mwenye hata moja ya dalili hizo mbili za mwisho anahitaji MRI na daktari wa upasuaji siku hiyohiyo, kwa kuwa kuchelewa kunaweza kumwachia ulemavu wa kudumu. Mwenye homa na kupungua uzito anahitaji eksirei na vipimo vya damu mapema, na eksirei isipoonyesha kitu huku dalili zikiendelea, asirudishwe nyumbani, maana kifua kikuu cha mwanzoni kinaweza kutoonekana humo. Uchunguzi huu wa dakika kumi ndio unaokatwa foleni ikiwa ndefu, na nadhani picha nyingi zinazoandikwa zinajaza pengo lake.

Kuhusu tiba, utafiti umewanyang'anya wote mazoea yao. Jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2014, lenye washiriki zaidi ya 1,600, lilionyesha kuwa waliotumia paracetamol kwa maumivu mapya ya mgongo walipona kwa wastani wa siku 17, na waliopewa vidonge visivyo na dawa siku 16. Diclofenac na ndugu zake husaidia kiasi, lakini zikitumiwa miezi mfululizo huchubua tumbo na kuumiza figo, hasa kwa wenye shinikizo la damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi, tiba za mikono kama kuchua, na msaada wa kisaikolojia. Haupendekezi mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine, wala dawa za jamii ya mofini.

Neno mazoezi, hata hivyo, halipokelewi kirahisi na mtu aliyeshinda akilima kwa jembe la mkono au akibeba magunia sokoni. Anayo haki ya kuuliza ni mazoezi gani zaidi ya hayo. Jibu la mtaalamu wa fiziotherapia ni kwamba kuinama namna moja kutwa nzima si sawa na kuimarisha mgongo kidogo kidogo kwa mienendo tofauti, na jibu hilo ni sahihi, ila linaiacha kazi yenyewe kama ilivyo. Mwaka 1975 California ilipiga marufuku jembe la mpini mfupi mashambani baada ya madaktari kueleza jinsi linavyoharibu migongo ya vibarua. Mpini mrefu unaweza kumfaa mkulima kuliko vidonge vingi.

Unabaki upasuaji, ambao kwa maumivu ya kiuno yasiyo na chanzo mahususi hauna faida ya kuaminika. Kwa diski inayobana neva na kupeleka maumivu mguuni, hali ni tofauti. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2007 uligawa wagonjwa 283 wa aina hiyo: nusu walipasuliwa mapema, nusu walisubiri kwa matibabu ya kawaida. Waliopasuliwa walipata nafuu haraka zaidi. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 95 ya kila kundi walikuwa wamepona, ingawa asilimia 39 ya waliosubiri walikuwa wameishia kupasuliwa. Kwa hiyo, pale mguu usipopoteza nguvu, kinachonunuliwa kwa upasuaji wa mapema ni muda. Dereva wa lori ambaye familia inategemea safari zake anaweza kuona muda huo unastahili gharama. Familia inayofikiria kuuza kiwanja ina haki ya kuelezwa takwimu hizo kabla ya kutafuta mnunuzi.