Mzigo wa Kwapani

Mwaka 2014 nilikuwa na ugonjwa mmoja tu: simu ya kupangusa. Ile niliyoipenda dukani walikuwa wanaiuza shilingi 400,000. Mfukoni nilikuwa na 150,000, tena humo humo kuna hela ya unga.

Basi niko Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi, nachungulia vioo vya maduka kama mtoto anayechungulia biriani ya harusi asiyoalikwa, kijana mmoja akanisogelea. Kachomekea vizuri, sauti ya chini. "Bosi, nina simu hapa. Nimefiwa Tabora, nataka nauli tu."

Akaitoa. Yenyewe! Mimi si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nikaiwasha, nikajibipu, kitochi changu kikaita. Nikakagua kioo, kamera, hadi kitundu cha chaji.

Alitaka 250,000. Nikamkamua. Nikasema imechubuka, nikaguna, nikaondoka hatua tatu, akanifuata. Tukakubaliana 120,000. Na nikiri hapa, roho iliniuma. Kijana wa watu ana msiba, mimi namnyonya hivi? Nilijiona kabisa kwamba tapeli ni mimi.

Akaitumbukiza kwenye bahasha ya kaki, akazungushia selotepu, mimi huku nahesabu noti. Mara mwenzake akapiga ukelele: "Mgambo! Mgambo!" Kijana akanisukumia bahasha, hela akazipokea. "Usifungulie hapa bosi, tutakamatwa wote. Na kwenye daladala uwe makini, vibaka wengi siku hizi."

Nikamshukuru kwa ushauri. Kwa mdomo wangu huu huu nikamwambia, "Pole sana kwa msiba, Mungu akutangulie."

Mgambo hata mmoja sikumwona. Na kwamba bahasha zilikuwa mbili, hilo nilikuja kulielewa usiku, nimelala macho juu.

Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo cha Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Siku ile nami niliandikishwa. Nilibeba hadi Gongo la Mboto bila kujua nimebeba nini.

Daladala ilijaa, nikasimama, bahasha nimeibana kwapani ndani ya shati. Kila mtu mle alikuwa kibaka. Mwanafunzi aliponiamkia shikamoo nikaona ananizuga. Buguruni konda akanigusa bega kudai nauli, nikaruka nusura nimkanyage bibi mmoja mwenye ndoo ya dagaa. Kufika Tazara joto limepamba moto, jasho linachuruzika, na kwapa likaanza kuteleza. Nikabana zaidi. Likateleza zaidi.

Yule bibi akanusa, akanusa tena. "Mwanangu, leo umeoga ukatakata."

Nikajua huyo naye anaitaka simu yangu. Nikahamia mlangoni.

Nyumbani nikafunga mlango, nikashusha pazia, nikaita familia nzima ikae mkekani. Nikakata selotepu taratibu, kwa madaha, kama nakata keki.

Kipande cha sabuni ya mche, ya bluu. Na niseme haki, aliyekikata ni fundi. Urefu ule ule, unene ule ule, kona zote nne kazichonga mviringo. Upande mmoja ulikuwa na povu, kwa ajili ya kwapa langu.

Mwanangu mdogo akauliza, "Baba, inachajiwa wapi?"

Mke wangu hakucheka. Afadhali angecheka. Aliichukua, akaipima uzito mkononi, akatoka nayo uani. Jioni nikaziona sare za watoto kambani, nyeupe hadi zinaumiza macho. Hela ya unga hakuiuliza, na mimi sikuitaja. Siku mbili tatu tulikula mihogo kwa amani ya ajabu.

Baada ya wiki mbili namuaga naenda mjini, akanifuata hadi barazani.

"Mume wangu, ukipita Kariakoo, ile simu imebaki kipande. Niletee nyingine, ila safari hii jitahidi ushuke chini ya laki."