Shangazi hakuruka dozi

Jumamosi, kwenye arobaini ya shangazi, mama mmoja alisema huku anachambua mchele: "Angefuata masharti, ugonjwa usingerudi." Nilinyamaza kwa heshima ya wakubwa. Hapa sinyamazi.

Saratani ina njia zake za kurudi. Mojawapo ni vipande vya DNA vinavyochomoka kwenye kromosomu na kujifunga kama pete ndani ya seli ya uvimbe. Vilionekana kwa darubini tangu 1965, kwenye uvimbe wa watoto, lakini kwa miaka mingi vilihesabiwa kuwa jambo la nadra. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2024 ulivikuta katika asilimia 17 hivi ya uvimbe wa wagonjwa karibu 15,000.

Pete hizo hubeba jeni za kukuza uvimbe, nakala kwa makumi. Seli ikigawanyika, kila kromosomu hushikwa kwenye sentromea, sehemu yake ya kushikiwa, na kuvutwa upande wake, seli zote mbili zinazozaliwa zikapata fungu sawa. Pete hazina sentromea. Huangukia popote: seli moja yaweza kuondoka na pete themanini, pacha wake na tano tu. Dawa ikiingia, kuna seli zitakazokufa na kuna zitakazobaki, na zilizobaki ndizo zinazoendelea kuzaana. Mwaka 2014 watafiti wa saratani ya ubongo waliona kubwa zaidi. Seli zilizopewa dawa inayolenga EGFR, mojawapo ya jeni hizo za kukuza uvimbe, zilipunguza pete zenye jeni hiyo, dawa ikakosa pa kushika. Dawa ilipositishwa, pete zikarudi. Hapo kosa la mgonjwa liko wapi?

Wala pete hizi mtu harithi kwa wazazi wake. Huzuka ndani ya uvimbe wenyewe.

Ndiyo, wapo wanaoacha dawa, na wapo wanaofika hospitali wamechelewa. Sikatai. Na shangazi hakuna aliyempima pete. Lakini mtu asiyejua kilichotokea ndani ya seli, anapata wapi ujasiri wa kumhukumu marehemu mbele ya wanawe?

Maana binti yake alisikia. Yeye ndiye aliyekuwa akimhesabia mama yake vidonge. Nilimkuta nyuma ya nyumba na daftari la dawa mapajani, kila siku imewekwa alama kwa kalamu nyekundu, hata zile siku za kutapika. Akanifungulia ukurasa wa mwisho, akaweka kidole kwenye alama. "Kaka, si alikunywa? Ona hapa. Alikunywa."