Forodhani Ni Hapo Hapo Tu

Leo asubuhi, hata uso sijanawa, Baba Jesca katupia ujumbe kwenye kundi la WhatsApp: "Wapendwa, Pasaka tukatembee Mombasa. Mji ule naufahamu." Wake zetu wameshajibu kwa vikatuni vya kucheza ngoma. Mimi nimekaa na simu mkononi, kisigino kinapwita. Maana hata Zanzibar alisema anaufahamu.

Mimi ni mtu wa Dodoma. Nimezoea barabara ambayo ukisimama mwanzo unauona mwisho. Sikuomba kupelekwa popote. Lakini mama akishavunja kikoba, na watoto wakishajua, baba unabaki mbeba mabegi. Tukapanda treni ya umeme, tukapanda boti, Mama Jesca akatapika kuanzia Dar mpaka bandari ya Malindi, Unguja, tukafika.

Sokoni Darajani tukanunua karafuu na mdalasini. Bei tusiizungumze. Tulipotoka hapo, mtu mzima mwenzangu akavua miwani, akatazama juu kama nahodha, akatangaza kwamba bustani ya Forodhani, kando ya bahari, ni hapo hapo tu, barabara ya nini, kuna njia ya mkato.

Ndugu zangu, Mji Mkongwe hauna njia ya mkato. Una uchochoro unaozaa uchochoro, kuta ndefu huku na huku, mbingu imebaki upana wa kanga moja, na vespa inakujia kiunoni bila hodi.

Dakika chache tukapita kwenye baraza ya wazee wanaocheza dhumna. Salamu, karibuni kahawa. Baba Jesca akajibu kwa madaha: "Ahsanteni wazee wangu, tunawahi Forodhani." Tukakata kushoto, tukakata kulia, tukashuka, tukapinda.

Baraza. Wazee wale wale.

"Mshafika mara hii?" akauliza mmoja mwenye kofia ya kiua.

Mtu mwingine angekiri. Baba Jesca akageukia mlango wa jirani, akaanza kuwafundisha watoto: hivi vifundo vya shaba, wanangu, viliwekwa kuzuia tembo wasisukume mlango. Mzee akashusha kete taratibu. "Tembo Unguja kaletwa na nani, yakhe?" Mwanangu Kelvin akacheka. Nikamkata jicho, ingawa na mimi tumbo lilikuwa linacheza.

Safari ya tatu tulitokea upande mwingine kabisa, nikajipa moyo kwamba huu sasa ni mtaa mpya. Nikaiona kofia. Hakuna aliyesema neno. Mmoja alisogea tu kutupisha nafasi, na pembeni muuza kahawa alikuwa ameshapanga vikombe vinne na kashata tatu. Walikuwa wametuhesabu!

"Kaeni kitako," akasema mzee. "Bahari haihami."

Nilikaa. Nilikunywa kahawa ile chungu kwa heshima zote za mtu mwenye kitambulisho cha taifa na barua ya uongozi wa mtaa. Nikafungua ramani ya simu: kidoti chetu kilikuwa kinaelea baharini. Nikamwonyesha Baba Jesca. Akaniambia, bila aibu, kwamba mtandao wa huku una matatizo.

Hapo utu uzima ukaniponyoka. Nilimwambia mimi nimeacha ada ya muhula haijaisha, nimeacha luku inasoma uniti tatu, nimevaa viatu vya harusi kwa sababu yeye ndiye aliyesema hatutatembea sana, na kama anaufahamu mji huu, basi autaje walau uchochoro mmoja kwa jina lake! Mmoja tu! Uchochoro mzima ukanyamaza. Hata dhumna ilisimama.

Mzee akamwita mtoto aliyekuwa anatoka chuoni na juzuu lake kwapani, hana hata miaka minane. Kona tatu, tukauona upepo kabla ya bahari. Nikampa noti, akakataa, eti katumwa na babu.

Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, tulilikuta limezungushiwa mabati. Upande mmoja uliporomoka Desemba 2020. Kelvin akauliza kama hayo mabati ndiyo maajabu. Kisiwa cha Changuu hatukuvuka. Kobe wale mababu zao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na wao hawana haraka. Pale bustanini pweza wa kijiti tulikula, na Baba Jesca, ilipofika zamu ya kulipa, akawa anatafuta choo. Choo alikipata mara moja, huyu mtu.

Sasa Mombasa. Naandika jibu la kistaarabu, nafuta, naandika tena. Na nyumba nzima bado inanuka karafuu, mke kazimwaga hadi kwenye kabati la nguo, kazini wananiuliza kama naumwa jino. Nilitaka niwajibu kwamba… Subirini. Bomba linakohoa. Wiki ya pili leo! Kelvin! Ndoo! Lete na lile beseni la—