Fleti kuukuu za Upanga: gharama ya nondo ailipe nani?

Anayenunua fleti kuukuu Upanga au Kisutu, katikati ya Dar es Salaam, ananunua mahali kwanza. Vyumba ni vipana, Posta ni karibu, na mpangaji hakosi kupatikana. Hoja hiyo ina uzito. Lakini jengo lenyewe limekula upepo wa bahari miaka mingi, na dalali atakuonyesha vigae.

Tuseme fleti inauzwa shilingi milioni 150 na kodi ya pango ni laki 9 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 10.8, yaani asilimia 7.2, kabla hujatoa mwezi wa kukaa tupu, kodi ya zuio ya serikali ya asilimia 10, na mchango wa mlinzi na pampu. Ukitia milioni 30 kwenye bafu, jiko, nyaya na mabomba, kodi ikapanda hadi milioni 1.2, hizo 30 zinarudisha milioni 3.6 kwa mwaka: asilimia 12. Ukarabati unalipa kuliko nyumba yenyewe.

Nondo, hata hivyo, haipandishi kodi hata kwa shilingi. Chumvi ikipenya hadi kwenye chuma, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na zege hupasuka kufuata mstari wa nondo. Gonga kwa nyundo ndogo chini ya slabu (sakafu ya zege) ya baraza na ya bafu la juu. Zege lilipoachana na nondo hulia kama debe tupu. Tiba yake ni kuweka mirunda ya kuegemeza slabu, kubomoa zege hadi milimita 20 nyuma ya nondo, kusugua chuma mpaka king'ae, kukipaka kinga ya kutu, kisha kujaza kwa mota maalumu ya ukarabati. Fundi akipiga lipu juu ya kutu, utamwita tena. Na hata kiraka kizuri kina hila: zege la zamani lenye chumvi likibaki kandokando, kutu huhamia kwenye kingo zake.

Ndiyo maana gharama ya zege ikatwe kwenye bei ya kununulia; ya bafu na jiko italipwa na mpangaji. Muuzaji akikataa, basi anakuuzia mahali kwa bei ya jengo lisilo na kasoro.

Anayenunua jengo lote ana nafuu moja: anaamua peke yake. Wa fleti moja, chini ya sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, anamiliki peke yake sehemu yake tu. Paa na nguzo ni vya wote. Chama cha wamiliki kikiwa jina tu, wa juu atasema paa linavuja kwa kila mtu, wa chini atasema halimhusu. Omba vitabu vya mchango vya miaka mitatu kabla ya kulipa hata arubuni.

Tazama na matangi. Lita 5,000 za maji ni tani 5, na mara nyingi huwekwa katikati ya slabu ambayo haikuchorewa mzigo huo. Tangu jengo la Kariakoo liporomoke na kuua watu Novemba 16, 2024, hakuna sababu ya kumwachia dalali swali la nguzo. Mlipe mhandisi aliyesajiliwa, na umpandishe juu ya paa kwanza.