Mkubwa aliitwa mezani, jirani alichomewa vifaranga

Ninaendesha lori. Kwa miaka mitano sasa kazi yangu ni kutoka Hamilton, mji wa viwanda vya chuma hapa Ontario, Kanada, kwenda Buffalo upande wa Marekani na kurudi. Ninavuka kwenye Peace Bridge, daraja lililo juu ya mto Niagara. Zamani nilivuka mara tatu au nne kwa wiki. Tangu Juni 2025, Trump alipopandisha ushuru wa chuma na alumini kutoka asilimia 25 hadi 50, kuna wiki navuka mara moja tu, na madereva wenzangu wawili wameshaambiwa wakae nyumbani wasubiri simu.

Lakini kilichonifanya niandike si mshahara, ni jirani yangu. Ni mzee wa Kikanada, fundi mstaafu, na dada yake ameolewa Buffalo. Tangu nimfahamu, kila Jumapili alikuwa akivuka daraja kwenda kula chakula cha mchana kwa dada yake. Machi 2025, ushuru wa asilimia 25 ulipoanza kwa bidhaa za Kanada, akaacha kwenda. Nilimuuliza kulikoni, akaniambia hana ugomvi wowote na dada yake, ila hawezi kukanyaga kule kwa sasa. Dukani anageuza kila kopo asome limetengenezwa wapi. Na si yeye peke yake. Pombe za Kimarekani ziliondolewa kwenye rafu za maduka ya serikali ya jimbo hili, na Toronto mashabiki wa mpira wa kikapu waliuzomea wimbo wa taifa la Marekani ukumbini. Hawa ni watu ambao miaka yote nimewaona wakipanga foleni kimya kimya hata kwenye theluji.

Siku ile mzee aliponieleza, nikaikumbuka Namanga, mji wa mpakani kati ya Tanzania na Kenya.

Mimi ni mtoto wa Arusha. Mama yangu ni mfanyabiashara wa vitunguu. Ananunua Mang'ola, kule Karatu karibu na Ziwa Eyasi, na mzigo unapanda hadi Nairobi kupitia Namanga. Mteja wake mkubwa alikuwa mama mmoja wa soko la Marikiti, sisi watoto tukimwita Mama Nairobi. Biashara yao ilikuwa ya mali kauli: mama anapakia, mwenzake anauza, fedha inarudi baada ya wiki mbili. Hapakuwa na karatasi wala wakili. Mama Nairobi alikuwa akishuka mwenyewe msimu wa mavuno kuchagua mzigo, na akija analala kwetu. Kitanda alichokuwa akilalia ni changu, mimi nahamia sebuleni na wadogo zangu. Asubuhi anaamka mapema kuliko wote, anawasha jiko, anatupikia chai ya maziwa mengi ya Kikenya.

Mwisho wa Oktoba 2017, serikali yetu ikachoma moto vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga. Sababu iliyotolewa ni kuzuia magonjwa ya ndege. Mwezi huohuo ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya, waliovuka kufuata malisho kama Wamasai walivyofanya tangu kabla ya mpaka kuwapo, walikamatwa na kupigwa mnada. Rais Magufuli akasema Tanzania haitakuwa malisho ya mifugo ya majirani. Kule nyumbani wengi walishangilia. Nilikuwapo Arusha, niliwasikia kwenye daladala, na kwa uchungu nakiri kwamba nami sikusema neno.

Nisieleweke vibaya. Huku ughaibuni ukimtaja Magufuli watu wanagawanyika papo hapo, kuna wanaomlilia na kuna wasiotaka hata kulisikia jina lake. Mimi kwenye makinikia nilikuwa upande wake na bado niko. Machi 2017 alipozuia usafirishaji wa mchanga wa dhahabu, na makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam, alikuwa anauliza swali ambalo babu zetu wa Kahama na Tarime walikufa nalo mdomoni: kwa nini mgodi uko kwetu na sisi ni maskini? Tulikuwa tumefanywa shamba la bibi. Ripoti za kamati zilizochunguza makinikia, ya Profesa Mruma kisha ya Profesa Osoro, ziliposomwa Ikulu mbele ya kamera, mtaani kwetu watu walifunga maduka ili wasikilize. Baadaye Acacia, kampuni iliyochimba dhahabu hiyo, ikaandikiwa deni la kodi, riba na faini la dola bilioni 190, na watu wakaanza kupiga hesabu ya kila Mtanzania kupata gari lake la Noah. Hesabu zile hazikuwa na mguu wala kichwa. Lakini hasira iliyozizaa ilikuwa ya haki.

Sasa tazama kilichofuata. Acacia ilikuwa chini ya Barrick, na makao makuu ya Barrick yako Toronto, mwendo wa saa moja kutoka ninapoishi. Tarehe 14 Juni 2017 mwenyekiti wa Barrick, John Thornton, alipanda ndege hadi Dar es Salaam akapokelewa Ikulu. Wakakaa. Timu ya serikali chini ya Profesa Kabudi ikajadiliana nao kwa miezi, na Oktoba yakatangazwa makubaliano: serikali ipate asilimia 16 ya hisa, faida za kiuchumi zigawanywe nusu kwa nusu, na zilipwe dola milioni 300, zile Profesa alizoziita kishika uchumba. Mkataba wenyewe ulitiwa saini Januari 2020, ukathibitisha kuundwa kwa Twiga Minerals, kampuni ya ubia wa serikali na Barrick. Kwa hiyo yule beberu tuliyeambiwa ametuibia kwa miaka karibu ishirini aliitwa mezani, akapewa kiti na muda, na tukamaliza kama wabia. Nafurahi ilikuwa hivyo. Makontena yake hayakuchomwa moto.

Mwenye vifaranga hakupewa meza. Wala mfugaji wa Kajiado. Na haya yalitokea ndani ya mwezi uleule mmoja, Oktoba 2017.

Hapo ndipo ninapoachana na wanaosema Magufuli alitufundisha kuheshimiwa na mataifa. Ukali wetu mwingi ulimwangukia asiyeweza kujibu. Hakuna mwanasheria wa London aliyemtetea mwenye vifaranga. Jirani hakutupeleka mahakamani kokote, alibeba maumivu yake akaenda nayo, na jambo la namna hiyo huwezi kulilipa kwa dola.

Wenye wanasheria nao walijibu. Sheria tatu za rasilimali na madini zilipitishwa kwa hati ya dharura Julai 2017, na kwa mabadiliko yale leseni za kuhodhi maeneo ya madini zikafutwa. Kampuni ndogo zilizokuwa nazo zikaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa. Serikali ilikubali kulipa dola milioni 30 kwa Winshear ya hapa Kanada mwaka 2023, kisha mwaka 2024 dola milioni 90 kwa Indiana ya Australia na milioni 27 kwa Montero, nayo ya hapa Kanada. Jumlisha: dola milioni 147. Ni karibu nusu ya kishika uchumba, na tumezilipa baada ya aliyefuta leseni kuwa kaburini. Walipa kodi kama walimu wa Karatu hawakuulizwa.

Na nani atasahau ndege? Bombardier yetu ilizuiwa hukuhuku Kanada mwaka 2017 kwa deni la karibu dola milioni 38 ambalo mkandarasi wa barabara aliidai serikali yetu. Chanzo chake kilikuwa mkataba uliovunjwa miaka mingi kabla ya Magufuli kuwa rais, kwa hiyo simbebeshi yeye peke yake. Ilipotua Dar Aprili 2018 tulishangilia. Agosti 2019 nyingine ikazuiwa Johannesburg na mtu mwingine aliyetudai, na Novemba, mwaka wangu wa kwanza huku, ya tatu ikazuiwa tena Kanada. Bosi wangu wa wakati ule aliniuliza kwa upole kama nchi yangu hailipi madeni. Sikuwa na jibu.

Watu wa nyumbani huniambia: wazungu wanatuhukumu kwa mambo ambayo wao wenyewe wanayafanya. Ni kweli, na nimeishi huku nikaona. Mwaka 2010 kampuni kubwa ya Australia, BHP, ilitaka kuinunua kampuni ya potashi ya jimbo la Saskatchewan kwa karibu dola bilioni 39. Serikali ya Kanada ikakataa, ikasema nchi haitanufaika. Mwaka 2022 ikaziamuru kampuni tatu za China ziuze hisa zao kwenye kampuni za lithiamu za hapa. Hakuna aliyeiita Kanada nchi ya vichaa. Nami kila mshahara nakatwa mchango wa pensheni ya taifa, fedha inayowekezwa kwenye hisa za makampuni duniani, ya madini yakiwamo. Wanalinda chao bila aibu.

Tofauti niliyoiona ni kwamba sheria waliyoitumia kuikatalia BHP ilikuwapo tangu mwaka 1985. BHP iliijua kabla haijaweka ofa mezani. Ilikataliwa, ikaumia, lakini haikushangazwa. Leo hii inajenga mgodi wake wa potashi, Jansen, katika jimbo lilelile la Saskatchewan. Ile ya kwetu iliandikwa mwezi Juni, ikapita mwezi Julai, ikamkuta mtu ameshachimba mashimo ya utafiti.

Na kwa majirani? Hapa Kanada walijifunza mwaka 2025 kwa machungu. Machi, Ontario ilitangaza nyongeza ya asilimia 25 kwenye umeme unaouzwa majimbo matatu ya Marekani, na kesho yake ikasitisha, wakakaa wazungumze. Niliona watu wakilalamika kwamba ni woga. Mimi sikuona woga. Huko ng'ambo ya mto kuna dada za watu.

Rais Samia alipoingia, Mei 2021 alikwenda Nairobi, akahutubia Bunge la Kenya, malori yakaanza kupita tena kwa amani, na vitunguu vya mama vikapata bei. Nilimshukuru kwa moyo wote. Kisha Julai 2025 ikatoka amri ya kuwazuia wageni kufanya biashara ndogo kumi na tano, za saluni, kutengeneza simu, kutuma fedha, na kadhalika. Nawaelewa vijana wa Kariakoo waliolia kwamba wanabanwa na mtaji wa watu wa mbali. Lakini amri haikutenganisha mwenye mtaji wa mamilioni na Mkenya anayesuka nywele Namanga. Nairobi wakanuna upya. Kovu lilikuwa halijakauka.

Baada ya vile vifaranga, Mama Nairobi hakushuka tena. Aliogopa lori lake litakamatwa. Alituma dalali, dalali akala katikati, na mali kauli ikafa, ikawa fedha taslimu kabla ya kupakia. Walizungumza kwa simu sikukuu kwa sikukuu, kisha hata hizo zikapungua.

Juzi nilimpigia mama, akanipa habari kwamba msimu huu yule mama amekuja mwenyewe, baada ya miaka minane. Nikaruka kwa furaha, nikamuuliza alilala chumba gani. Mama akakaa kimya kidogo. Akasema hakulala. Alifika na basi la asubuhi, akahesabu magunia, akalipa noti mkononi, na saa tisa alasiri alikuwa ameshavuka mpaka.